Nilivyomfungia Ali Mlango

Siku moja haijanitoka kichwani, mjukuu wangu, na sasa nimezeeka na magoti yangu hayataki tena ngazi. Ilikuwa miaka ya themanini, hapa hapa Dubai, mtaa wa Naif, kwenye chumba cha kushonea mabaibui, juu ya duka la vitambaa la Abu Rashid, arbab wetu, yaani tajiri aliyetuajiri. Tulikuwa sita, na majina yote ninayo: Bi Nasra binti Salim wa Malindi, Unguja, ndiye mkubwa wetu, Rukia wa Lamu, Shanti, Maryam, mimi, na Zaynab, Mlebanoni, Mshia wa kusini ya kwao.

Cherehani ya Zaynab ilikuwa ubavuni mwa yangu. Wakati wa sala aliweka mbele kijidongo chake cha kusujudia, kama desturi ya Mashia, na Bi Nasra alisogeza mkeka wake kumpa nafasi. Hakuna aliyeuliza kitu. Tulikula sahani moja.

Zaynab alikuwa na mdogo wake huko kwao, Ali. Baba yao amekufa, nyumba imepigwa mabomu, mama mgonjwa. Wakaja wanamgambo wa Kishia, wale wanaolishwa na Iran, wakaleta unga, wakaleta dawa, kisha wakamchukua kijana.

"Wamempa bunduki?" nilimuuliza.

"Wamempa tanuri," akacheka. "Anawaokea mikate. Ali akishika bunduki atajipiga mguu mwenyewe."

Halafu akaacha kucheka. "Mshahara unatoka Iran, silaha zinatoka Iran, maiti tu ndio wanatoka kwetu. Leo wanasema tunalinda kijiji, na kweli kijiji kimevamiwa. Kesho watasema twendeni tukapigane nchi ya watu. Anayekula kwao atakataaje?"

Na alikuwa Mshia huyu, sikiliza vizuri. "Dini yangu nimezaliwa nayo," alikuwa akisema. "Hawa hawakunipa."

Basi akambembeleza Abu Rashid amlete Ali Dubai, awe mkata vitambaa. Akambembeleza miezi. Abu Rashid akakubali kuwa kafeel wake, mdhamini wa kibali chake, karatasi zikapigwa chapa, ikabaki sahihi tu. Zaynab alikwisha kumnunulia mdogo wake makubadhi, kayaweka chini ya cherehani.

Sasa njoo kwangu. Mie shule nilitolewa darasa la tatu, kuandika sikujui. Barua yangu ilikuwa kanda: unakaa na redio kaseti, unazungumza, unampa msafiri ampelekee mama nyumbani kwetu. Msafiri wetu alikuwa Mzee Shaaban, mfanyabiashara aliyekuja Naif kununua mabaibui na vitenge. Naye alikuwa habebi kanda mpaka aisikilize kwanza, chumbani kwake, na wenzake wamejaa, asije akakamatwa bandarini na maneno ya mtu. Sote tulilijua hilo. Kwa hiyo ukirekodi, unarekodi kwa mama, na jicho moja kwa wale wanaume watakaosikiliza.

Nilitaka wastaajabu. Nikasema: "Mama, hapa nashona na dada wa kamanda. Ali wake ana watu mia chini yake, wanamgambo wa Iran wale, wakipita hata serikali yao inakaa kando."

Mwokaji mikate, mwanangu. Nikamfanya kamanda.

Mzee Shaaban alipokwenda kulipia mzigo wake akamtania Abu Rashid: "Kumbe juu huko umeweka wakubwa wa vita!" Kesho yake Abu Rashid akapanda ngazi na karatasi za Ali mkononi.

"Zaynab, huyu ndugu yako anafanya kazi gani?"

"Mwokaji, arbab."

"Naambiwa ni kamanda."

"Nani kasema?"

Mguu wangu ukaendelea kukanyaga cherehani, na nguo imekwisha kupita, nashona hewa. Ningesema neno moja tu: mimi, nilidanganya. Sikulisema. Abu Rashid hakuwa mtu mbaya. Alisema taratibu, "Binti yangu, mimi nina watoto, na jina langu ndilo liko kwenye karatasi. Hata kama ni mwokaji, anawaokea nani? Khalas, yamekwisha." Akazikunja, akashuka nazo. Kibali cha Zaynab kilipokwisha hakukifanya upya.

Nilimwambia Bi Nasra jikoni, nalia. Hakunipangusa machozi. "Wale walimpa unga akaingia," alisema. "Dada yake kamtafutia pa kutokea. Wewe umepafunga, kwa kutaka wanaume wa chumba cha Shaaban wakusifu. Nenda kamwambie mwenyewe, na usinilie mimi."

Nikaenda. Zaynab alikuwa anafunga sanduku. Nikamweleza yote. Akasema, "Radhi hiyo si yangu kuitoa. Kamwombe Ali."

Ali alibaki na wale wale. Walimtoa kwenye tanuri, wakamfundisha wanayoyafundisha. Vita vya Syria vilipoanza yeye ana mvi, na wakubwa wake wakavuka mpaka kwenda kumpigania rais wa nchi ya watu, kwa kuwa Iran ilitaka. Zaynab alinipigia simu mara moja tu. "Amekwenda kama nilivyosema," akaniambia. "Na wamemrudisha kwenye sanduku la maiti." Akaikata simu.

Nakwambia haya kwa sababu juzi ulinisomea ujumbe wa kundi lenu la simu, la mtaa wa Karama, ati nani anamjua Mshia kazini kwake, ati watajwe, kwa kuwa makombora ya Iran yanaruka. Na wewe ofisini kwenu freezone, eneo huru la biashara, una yule msichana Mshia wa Beirut mnayekula naye mchana. Ukacheka, ukasema, "Bibi, ni maneno ya simu tu." Yangu nayo yalikuwa ya kanda tu.

Usimtaje, mwanangu. Wanamgambo wana makosa yao, makubwa, wamechukua watoto wa watu wakaenda kuwafia wengine, na sitaki uwapende wala uwatetee. Lakini mtu na madhehebu yake si wao, na ndugu wa mtu si yeye. Ukiulizwa, sema ulichokiona kwa macho yako, usikitie chumvi. Ukiwa umekwisha kukosa, sema siku hiyo hiyo, mbele ya yule yule aliyesikia, hata ukifukuzwa kazi. Kazi nyingine utapata. Mimi nilibaki na cherehani yangu miaka kumi na tisa, na sikuwahi kuifurahia.

Nimechoka sasa, nataka kulala kidogo. Mungu akulinde na sifa za watu wasiokujua. Awarejeshe watoto wa kule kwa mama zao wakiwa wanatembea. Na akufishe, mwanangu, ukiwa huna deni la radhi kwa mtu aliyekwisha kufa. Amin.