Mara Tatu Niliiondoa Kazi Yangu

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira ya mtu anayeishi peke yake haina pa kwenda. Tulipomzika mama kwao, kando ya ziwa, ndugu zangu walibaki huko. Mimi nikarudi Kimulot, huku kwenye mashamba ya chai, kwenye nyumba aliyoijenga kwa kuchuma chai. "Si ubaki na sisi?" waliniuliza. Nikawaambia nina kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kurekebisha tovuti za watu nisiowajua. Saa nne asubuhi nimeshamaliza, siku nzima bado iko pale inanitazama.

Ndipo nikajiunga na mradi mmoja huria, wa watu wa kujitolea waliotapakaa duniani. Wanatengeneza jukwaa la kuendeshea programu. Wewe unaliachia kipande chako kidogo, lenyewe linakiamsha kikihitajika na kukilaza kikimaliza, bila wewe kulea seva yoyote. Lilizijua lugha nyingi za kompyuta, ila si ile niliyoipenda tangu chuo, lugha ndogo yenye wenyewe wachache. Nikasema haya, nitaijengea injini yake. Lakini lugha ilikuwa kisingizio tu. Nilitaka mtu wa kuongea naye.

Injini ya namna hiyo hupigiwa hodi mara mbili: kwanza inaletewa programu, kisha inaletewa kazi. Kila kazi ikiisha, lazima iandike alama ya mwisho, jukwaa lijue kwamba imemaliza. Nilihangaika nayo wiki tano. Jirani yangu, mama mmoja Mkipsigis ambaye chai yake inapakana na yetu, alinichungulia dirishani akiwa na kikapu mgongoni, akanisalimu kwa lugha yao.

"Chamgei! Msichana, ni kazi gani hiyo haina jasho?"

"Jasho liko, mama. Ni vile liko ndani."

Alicheka, akaenda zake kuchuma.

Injini ilipokamilika, nikaituma kwenye mradi. Kesho yake mkaguzi wa mradi akanijibu, mtu wa mbali, mwenye maneno ya upole. Aliisifu, kisha akauliza: kazi ikishindikana katikati, mbona alama ya mwisho haiandikwi? Nikaifunga kazi yote, nikaiondoa, bila kujibu hata neno.

Wacha nieleze. Mimi nimekulia kwenye kituo cha kununulia chai. Karani akiinua majani yako akaona jani pana lililokomaa, akikunja uso tu, huongei. Unatoa kikapu chako, unamwaga majani kwenye gunia, unachambua moja moja hadi yabaki majani mawili na chipukizi, halafu unarudi mwisho wa foleni. Mama alinifunza kwa kofi kwamba anayebishana na karani hurudi nyumbani na chai yake. Basi nikarekebisha, nikaituma upya kama kazi mpya. Akauliza lingine, nikaiondoa tena. Mara ya tatu aliuliza tu kwa nini folda moja nimeiita vile nilivyoiita. Hata hiyo nikaiondoa, mimi na kichwa changu kigumu.

Chini ya hiyo ya tatu akaandika: "Nimekukosea? Kila nikikuuliza kitu, unaondoka. Nilitaka tu kujua ulivyofikiria."

Jamani! Nilishikwa na aibu mpaka masikio yakawaka. Mtu amekuja kuongea, na mimi nimemfungia mlango mara tatu.

Nikatuma mara ya nne, na safari hii nikajibu. Karibu mwezi mzima tuliandikiana. Siku moja nilipandisha hasira, nikamwambia hapo umekosea, naye akasema kweli, nimekosea. Nilitoka nje kumwambia jirani, ingawa hakuelewa chochote. Mkaguzi aliniuliza kwa nini huwa napotea mchana, nikamweleza kwamba huku mvua hunyesha saa nane na stima hupotea nayo, kompyuta ikazimika. Akasema kwao ni theluji. Nikaanza kuchelewesha marekebisho madogo makusudi, ya dakika tano nikayafanya ya siku mbili, ili tusimalize.

Tukamaliza. "Imekubaliwa," aliandika. "Kazi safi." Nilipiga kelele, jirani akaja mbio akidhani ni nyoka. Siku hiyo nilikaa nikamwandikia mkaguzi barua ndefu: habari za mama, za karani, kwa nini nilikuwa nikikimbia, na kwamba yeye ndiye mtu pekee niliyezungumza naye kila siku tangu mazishi. Niliisoma na kuisoma, nikasema nitaiweka kesho, pale pale chini ya mazungumzo yetu.

Kesho yake nikakuta mazungumzo yamefungwa. Mtambo wao hufunga wenyewe kila kazi iliyokwisha kukubaliwa, na kile kisanduku cha kuandikia hakikuwepo tena. Nililia, na sioni haya kusema. Ningeweza kufungua mazungumzo mengine, hakuna aliyenizuia. Lakini sikuwa na kazi nyingine ya kumpelekea, na bila kazi mkononi sikujua mtu huanzaje kuongea na mtu.