Masale ya Baba kwenye Vyungu vya Wageni

Jumamosi moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyofunga ndoa. Nilikuwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi, nimebeba sinia la glasi, nazunguka katikati ya wageni wa watu kule juu ya Makumira. Saa ileile, mwendo wa saa moja tu kwa miguu kuelekea mlimani, wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la ukoo, wakimhoji baba yangu. Niliitwa. Sikwenda.

Nasikia na wewe umepata kazi ya bustani kwa wageni wa Usa River, na mama yako kijiji kizima amekizunguka akitangaza. Hongera. Sasa weka hiyo simu chini, ukae, nikuambie jambo ambalo huwa silisemi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipoajiriwa na Bwana Jens na mkewe, Bibi Mette, Wazungu waliokuja na mradi wa maji. Walikuwa watu wazuri, nisiseme uongo. Hawakunitukana hata siku moja. Kilichonimaliza ni yale maisha yao. Asubuhi wanakimbia na mbwa wao barabarani, bibi zetu wanauliza nani kafa. Saa nne kahawa, tena ya kopo kutoka kwao, na sisi hapo tumezungukwa na mibuni! Jumapili wewe unakwenda kanisani, wao wanakwenda Momela na darubini kutazama ndege. Jioni wanakaa barazani, miguu juu ya stuli, wanautazama Mlima Meru ukitoka mawinguni, na hakuna anayesema neno. Baba yangu alizaliwa kwenye mlima uleule, naye aliutazama ajue kama mvua inakuja, basi, anashika jembe lake.

Sikuwahi kuona watu wazima wenye ratiba ya kupumzika. Nikatamani. Nikaanza kumwona baba mshamba. Ndiyo, mshamba, natamka hivyohivyo nilivyowaza. Halafu wakaniita rafiki. "Eli, wewe ni rafiki yetu." Neno hilo lilinilevya kuliko pombe ya ndizi.

Jumapili moja Bibi Mette alikuja kututembelea nyumbani. Mama akampikia ndizi na nyama, akala vizuri, akasifu. Baba hakuwepo, alikuwa Moshi kwa dada yangu aliyejifungua. Katika kutembea shambani yule mama akafika mpakani, akasimama. "Majani haya mazuri sana! Ningeyapenda kwenye baraza langu." Alikuwa ameona masale, mimea yetu ya mpaka.

Sasa wewe ni Mmeru, lakini umekulia mjini, acha nikukumbushe. Isale si ua la kupamba. Pale kwenye mpaka wetu, babu yangu na baba yake Mzee Anaeli, jirani yetu, waligombana mpaka panga zikainuliwa. Ukoo ukawapatanisha, wakapanda masale yale kwa mikono yao wenyewe, wote wawili wamepiga magoti. Kuyang'oa ni kutangaza kwamba ugomvi urudi. Usifikiri sikujua. Nilijua yote tangu sijaota ndevu.

Bibi Mette aliuliza, tena aliuliza kwa adabu, "Lakini baba yako atakubali?" Nikamjibu, "Hamna shida, mama." Hamna shida! Ole wangu. Ndiyo maneno yetu sisi mbele ya mgeni, hata kama nyumba inaungua. Jumatano yake, mama akiwa sokoni, nikang'oa yale makubwa yote, nikayapakia kwenye toroli, nikayapanda kwenye vyungu barazani kwao. Nilijiambia masale huota upesi, nitachomeka machipukizi mengine kabla baba hajarudi. Sikuchomeka. Kulikuwa na sherehe ya Jumamosi kwa Bwana Jens, nilikuwa nafyeka majani na kupaka chokaa mawe.

Ijumaa baba akarudi. Akakuta mashimo mpakani, na Mzee Anaeli amekwisha kuita wazee. Binamu yangu akaja mbio hadi kazini kwangu. "Eli, baba yako anakuita. Kesho wazee wanakaa mpakani." Nilielewa pale pale. Na bado nikamwambia, "Mwambie nina wageni." Wageni wangu? Mimi nilikuwa na mgeni gani? Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi mbachao niliuacha uanikwe mbele ya ukoo mzima.

Siku ya pili yake baba alisimama mbele ya wazee. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu ambaye akisema mvua imenyesha Ngaramtoni, huhitaji kwenda kuangalia. Akasema, "Hakuna mkono wa nyumbani kwangu uliogusa masale haya. Kama ni uongo, nisiitwe tena mzee." Wakamwamini. Hata Anaeli aliamini, akampa mkono.

Jumatatu mke wa Anaeli, aliyekuwa akimpelekea Bibi Mette maziwa, akapanda ngazi za baraza. Akaona vyungu. Alinitazama tu, akaweka maziwa, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Nilipomweleza Bibi Mette, alishika mdomo. "Pole sana, Eli! Yachukue, tutanunua maua mengine mjini." Kwake yaliishia hapo, na ningetaka yaishie wapi? Hakuna kitu nilichokuwa nimemwambia.

Nikachuma jani moja, nikalifunga fundo kama desturi inavyotaka, nikapanda mlima kwenda nyumbani. Unajua mwenyewe, anayeletewa isale kuombwa msamaha hawezi kukataa, hata kama umemwulia mtoto. Nikapiga magoti mbele ya baba, nikamnyoshea kwa mikono miwili. Akalipokea. Akaligeuza geuza.

"Umelichuma wapi?"

"Kwenye chungu cha wageni, baba."

Akaliweka lile jani gotini. Kisha akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Isale halikataliwi. Lakini mimi nimeapa, na wewe ulikuwa karibu, unasikia unaitwa. Niende kwa nani na jani, kiapo changu kifutwe?"

Masale tuliyarudisha, na Mzee Anaeli alikuja mwenyewe kushika jembe. Amani ilirudi. Wazee wakamwambia baba kwamba hakujua, kwa hiyo kiapo hakimshiki. Akakataa. Alijiuzulu uzee wa kanisa. Na kila ukoo ulipochinja, nyama ikagawanywa kwa marika kama kawaida, baba yangu mwenye mvi alikuja kukaa nyuma na sisi, akapokea fungu la vijana. Wakimwita mbele, anatikisa kichwa. Miaka kumi na moja, mpaka tunamzika. Nilikuwa nakaa ubavuni pake tukila nyama ileile.

Na wale rafiki zangu? Mwaka uliofuata mradi uliisha, wakanikumbatia, wakaondoka. Mbwa naye alipanda ndege. Krismasi moja walituma kadi. Siwalaumu, mwanangu, maana mgeni ni mgeni na alikuwa na haki ya kutokujua. Mwenyeji nilikuwa mimi, na mwenyeji aliyenyamaza ndiye aliyeiba.

Basi nenda kazini kwako. Fanya kazi vizuri, waheshimu, cheka nao, kunywa kahawa yao ya kopo wakikupa. Wakikuita rafiki, itika. Lakini wasichokijua waambie, hata kama sura zao zitabadilika. Usigawe kilichopandwa na wengine ili usifiwe wewe. Na ukiitwa nyumbani, nenda siku hiyohiyo ukiwa na kosa lako mkononi, kwa sababu maji yakimwagika hayazoleki, na msamaha niliupata lakini baba sikumrudishia jina lake.

Mungu wa babu zetu akulinde, akupe afya na mshahara usiokuaibisha. Na akupe ulimi wa kusema, "Ngoja kwanza nimuulize baba," wakati baba bado hajaapa kwa ajili yako.