Jeneza Lililokuwa Sawa Mbele na Nyuma

Mjomba wangu Mwinyijuma aliosha maiti wa kijiji chetu, nje kidogo ya Kisarawe, kwa zaidi ya miaka thelathini, na sijamwona mtu aliyeridhika na kazi yake kama yeye. Asubuhi alipalilia mihogo, jioni alisuka ukili barazani, na akiitwa msibani alikwenda hata kama ugali umeshatengwa. Watoto wa jirani waliiogopa mikono yake. Sisi wapwa zake hatukuiogopa, maana ndiyo iliyotumenyea machungwa.

Wakati wa vita vya Hitla nguo ziliadimika. Bafta, ile nyeupe nyepesi ya sanda, ulikuwa unaitafuta kwa tochi. Watu walisema meli haziji. Zilikuja sana, ila bafta ikishuka bandarini Dar es Salaam iliangukia mikononi mwa genge. Kuli aliuficha mzigo, karani akaufuta daftarini, dereva akaubeba, na mwenye duka wa bara akauuza kwa bei ya kukomoa. Kila mmoja alimjua mwenzake wa jirani tu, hivyo akikamatwa mmoja, wengine waliendelea na kazi. Nawachukia watu hao mpaka leo, maana kwetu wafu walizikwa na mashuka yenye viraka.

Jambo hilo lilimkosesha raha bibi yangu Mwamvita, mama yake mjomba. Alikuwa anaumwa kifua, na kila alipoletewa uji aliuliza lilelile.

"Mwinyijuma, umepata?"

"Bado, mama. Natafuta."

"Unawaosha watu wa kijiji kizima. Usije ukanizika mimi na kiraka."

Mjomba alimwahidi sanda mpya. Alikwenda kwa miguu mpaka Mlandizi kuitafuta, akarudi na vumbi tu.

Ijumaa moja mwaka 1943, watu wanatoka msikitini, likatokea jeneza upande wa Pugu, limefunikwa kitambaa cha kijani. Wanaume wanne walilibeba na wa tano, aliyevaa kanzu, alitangulia. Kwetu jeneza halipiti hivihivi. Ukikutana nalo unatoa bega, hata hatua saba, hata kama humjui marehemu. Nusu ya msikiti ikalikimbilia. Wale wanne hawakutaka kuachia, jambo la ajabu kwa watu waliotoka mbali namna ile, lakini walisukumwa kando kwa heshima zote.

Mjomba alianza mbele, akapokewa, akarudi nyuma kumpokea mwingine. Huko nyuma ndiko alikoanza kushangaa. Akamsogelea yule wa kanzu, ambaye jina lake lilikuwa Twalibu.

"Poleni na msiba. Ni nani wako?"

"Dada yangu. Tunampeleka kwao Maneromango."

"Ameshaswaliwa?"

Hapo ndipo Twalibu alipoteleza. Angesema ndiyo, tungemsindikiza mpaka mwisho wa kijiji na kumwombea safari njema. Akasema bado.

"Basi tumswalie hapahapa, watu si hawa," alisema mjomba.

Jeneza likatuliwa uani mwa msikiti, watu wakaanza kupanga safu. Wale wachukuzi wanne wakaaga kwamba wanakwenda kutawadha. Mpaka leo wanatawadha.

Twalibu alibaki, hakuweza kuuacha mzigo. Mjomba akamwinamia sikioni. "Ndugu yangu, nimebeba wafu tangu ujana wangu. Mtu ni mzito upande wa kichwa na mabega, miguuni mwepesi. Dada yako yuko sawa mbele na nyuma."

Twalibu akamshika mkono. "Mzee wangu, ni bafta. Chukua jora moja, mengine uyaache yapite."

Mjomba alipenyeza vidole chini ya kile kitambaa cha kijani. Bafta mpya kabisa, bado ina ugumu wa kiwandani. Mama yake alikuwa amelala hatua mia mbili kutoka pale, na hakuna ambaye angejua.

"Nilitaka," aliniambia mara nyingi. "Nisikudanganye, nilitaka sana. Lakini mama angeniuliza nimeipata wapi, na sijawahi kumdanganya nikafaulu."

Akageukia zile safu, watu wamesimama kwa unyenyekevu wote, akasema, "Jamaa, msiiswalie bafta."

Jeneza lilipofunuliwa watu walicheka mpaka imamu akakaa chini. Jumbe wa kijiji akaitwa, askari wakaja kutoka Kisarawe, wakamchukua Twalibu na majora yote. Hawakuacha hata utepe.

Mjomba alirudi nyumbani akamweleza mama yake kila kitu, akijua atalaumiwa.

"Hata kipande?"

"Hata kipande, mama."

"Basi itabidi nisubiri," akasema, akaomba samaki badala ya uji.

Alisubiri miaka kumi na miwili, kwa ubishi tu nadhani. Mwaka 1955 bafta ilikuwa imejaa madukani na mjomba akamnunulia iliyo bora. Bibi aliipapasa, akaitia sandukuni, na alituchamba sisi wajukuu kila tulipolikaribia lile sanduku. Mwezi uliofuata alifariki usingizini. Nililia, lakini sikumsikitikia, maana alikwenda na alichokitaka.

Siku ya maziko Twalibu alikuja. Baada ya kifungo wenzake wa mjini walimkana, akarudi huku kwetu kulima, na watu walishamzoea. Alitoa bega kama kila mtu, mjomba akiwa upande wa pili wa jeneza. Alianza nyuma, akasogea mbele, na hapo akageuza uso kidogo.

"Mzee," alisema, "huyu ni mzito kichwani."

"Ndiyo," alijibu mjomba, machozi yanamtoka na huku anatabasamu. "Huyu ni mtu."