Riwaya yangu kuhusu utoto wa geti kali imeniitishia kikao cha ukoo Kariakoo

Wakuu, salaam kwenu.

Humu mimi ni wa kusoma na kupita. Leo naandika kwa sababu nina hasira, na mkinikuta nimeongeza chumvi mahali, nifungieni akaunti. Majina tu ndiyo nimeyaacha.

Nimekulia Upanga. Marehemu baba alikuwa na maduka ya jumla ya vitenge Kariakoo, tena si mawili. Nyumba ya geti kali, dereva, shule ya ada kubwa. Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "watoto wa ushuani mnalia nini". Subiri kwanza, bwana.

Baba alikuwa na adhabu yake. Ukishika nafasi ya pili darasani, au ukimwaga chai mbele ya wageni, unaingizwa kwenye gari lake pale uani, vioo juu, saa saba mchana. Ukigusa kitasa, muda unaanza upya.

Jua la Dar mnalijua. Vile viti vya ngozi mnavyovisifia, mimi vilinibabua mapaja. Nilikuwa na miaka minane.

Na mwezi wa Ramadhani mtu huyo huyo anafuturisha mtaa mzima.

Basi, ukubwani nikaandika. Riwaya tatu za mtoto yule yule, tangu yuko ndani ya geti mpaka anaondoka kwao. Mbili zimeshatoka, na ukoo ulijisifu nazo sana, maana humo nilizungukazunguka. Kwenye ya tatu nimeliandika gari.

Ipo kwa mchapaji mtaa wa Gerezani, inasubiri neno langu tu. Nikaona heshima inataka mama aisome kwanza. Nikaacha bahasha dukani kwa baba mdogo, mdogo wake marehemu, kwa sababu mama hupita pale kila Ijumaa. Ujinga wangu huo. Baba mdogo akaifungua.

Jumamosi asubuhi nikaitwa ghorofani, juu ya duka. Wazee wanne, shangazi, kaka yangu mkubwa, na mama kwenye kona na bahasha mapajani. Nikawapa shikamoo wote. Walioitikia wawili.

Sasa sikilizeni baba mdogo alichoshika. Kuhusu gari hakubisha hata kidogo. Mnajua kwetu Waislamu siku ya maziko, jeneza likiwa mbele, huulizwa mnamshuhudiaje marehemu, na watu wote hujibu mtu mwema.

"Ulisimama karibu na jeneza," akaniambia. "Ukaulizwa, ukasema mwema. Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

Kweli nilisema. Nani asingesema? Maiti iko mbele, umati wote unaitikia, wewe ufumbe mdomo? Lile ni neno la kumwombea mtu, si hati ya kuwanyamazisha walio hai. Iliniuma mno.

Na kaka yangu, ambaye naye alikaa kwenye lile gari, anachezea simu. Huyo ndiye aliyenikera kuliko wote.

Shangazi akaleta la radhi, kwamba nikichapa, radhi za baba nizisahau. Baba mdogo akataka nimpigie mchapaji pale pale, spika wazi, niseme kazi imefutwa. Siwafichi, simu nilikuwa nimeshaitoa mfukoni. Nilichoka.

Ndipo baba mdogo akamgeukia mama amalize shughuli: aseme mbele ya watu kwamba mwanawe amezua.

Mama ana miaka sabini, na sijawahi kumsikia akimpinga shemeji yake. Akavaa miwani, akatafuta ukurasa taratibu.

"Uongo upo," akasema. "Mmoja."

Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Hapa ameandika siku zile nilikuwa nimekwenda dukani. Sikwenda. Nilikuwa chumbani, dirisha linaangalia gari. Nilikuwa naongeza sauti ya redio."

Kaka akaweka simu chini.

Wakuu, nilijua yupo. Mtoto anajua. Nilimwandika dukani kwa sababu nilitaka kumsitiri, yeye peke yake katika ukoo mzima. Akanirudishia karatasi zangu, akaniambia, "Rekebisha, ndiyo uchape."

Jumatatu nikaenda Gerezani, nikabadilisha ukurasa ule. Kitabu kinachapwa. Baba mdogo hapokei simu yangu, na mimi sitapiga tena.

Nilichojifunza ni kwamba ukiamua kusema ukweli, usichague wa kumficha, hata kwa mapenzi. Na kwenye maziko, kama huna la kushuhudia, nyamaza. Hakuna atakayekukamata.

Wenye "marehemu hasemwi" nawakaribisha, matusi nimeshayazoea. Ila kuna jambo naliuliza kwa moyo safi kwa yeyote aliyepitia haya. Mama yako akikiri kwamba alikuwa anakusikia, unamjibu nini?

Mimi sijamjibu mpaka leo.