Nilifungua Difu Moja ya Gari la Mzee

 Mimi ni fundi wa magari hapa Kitengela, na najua kuongea kuliko kazi.

Mzee Lemayian, mfugaji wa Mashuuru, aliifungia pikapu yake matairi makubwa, ikakataa kupanda vilima. Nikamwambia, "Mzee, tubadilishe gia za difu, yale mabakuli ya gia katikati ya ekseli, moja mbele, moja nyuma." Nikabadilisha za nyuma pekee, bila kumwambia. Za mbele za nini, na gari husukumwa na nyuma? Tulipoijaribu kwa lami hadi Kajiado, ilivuta vizuri ajabu. Mzee akafurahi, akanialika tupeleke fahali wa mahari ya mwanawe.

Kwenye mto mkavu wa mchanga, wakwe wakitungoja ng'ambo, mzee akaingiza gia ya kuvuta kwa magurudumu yote manne. Mungu wangu! Kumbe gia za mbele na nyuma lazima zilingane. Gari liliruka, likalia kishindo, likazima katikati ya mto.

Mzee akashuka na shuka yake safi, akachungulia chini. Difu ya nyuma ilikuwa inang'aa. Ya mbele ilikuwa na matope makavu ya mvua iliyopita.

"Fundi," akaniuliza polepole, wakwe wakisikia, "hii ya mbele uliifungua siku gani?"