Rozalia na Yule wa Kitabuni

Wanawake wanaoanika dagaa kwenye ufuko wa Kibirizi walimfahamu Rozalia kwa mabega yake. Gunia ambalo wengine walilishika wawili wawili, yeye alilitupia begani peke yake huku anaendelea na maongezi. Alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye mapaja yaliyojaa na tumbo lililobeba watoto wanne. Mwili huo hakuwahi kuuwaza sana. Ulimtosha kwa kazi zake.

Asubuhi moja upepo ulipindua boti iliyotoka Kagunga, karibu kabisa na ufuko. Watu walipiga kelele. Rozalia akajitosa na gauni lake. Alimvuta kwanza Esther, binti aliyekuwa na mtoto mgongoni, kisha akarudi kumfuata mzee mmoja aliyekwisha kulegea. Alipotoka alitapika maji na kukaa mchangani anatetemeka.

Habari zikafika hadi kwa shirika moja la usalama majini, likaamua kitolewe kitabu cha katuni kwa ajili ya shule za pwani ya ziwa. Kazi ya kuchora akapewa Heritier, kijana mwandika mabango wa Kasingirima, ambaye babu yake alivuka kutoka Kongo. Heritier alifika kwa Rozalia, akasikiliza kisa chote, akamchora uso na lile kovu lake la kwenye nyusi, akaaga.

Kitabu kilipotoka kiliitwa Roza Jasiri. Kwenye jalada alisimama mwanamke ndani ya mawimbi. Uso ulikuwa wa Rozalia, kovu na yote. Kuanzia shingoni kwenda chini alikuwa mtu mwingine kabisa: kiuno ungekizungushia viganja viwili, kifua kimemtangulia, miguu mirefu isiyo na mwisho, na gauni limelowa likamganda.

Watoto walikigombania. Leodgar, mume wa Rozalia, fundi wa injini za boti, alibandua jalada akalibandika ukutani kwenye karakana yake.

"Mke wangu huyo!" aliwaambia wateja.

"Huyu?" mteja mmoja aliuliza akicheka. "Basi nyumbani umemficha wapi?"

Leodgar naye akacheka. Rozalia alikuwa mlangoni na chakula cha mchana, akasikia. Aliweka bakuli chini akaondoka.

Tangu siku hiyo alimwonea wivu yule wa kitabuni kuliko alivyowahi kumwonea mwanamke yeyote anayepumua. Mwanamke anayepumua ungeweza kumfuata ukamwambia akae mbali na mumeo. Huyu alikuwa hazeeki, hatoki jasho, hanuki dagaa. Na tena alikuwa amemwibia siku yake. Watu walimsifu yeye kwa kuingia majini, wakati aliyeingia ni Rozalia.

Akaanza kuacha ugali wa jioni. Asubuhi alijifunga kitambaa kirefu tumboni, akakikaza mpaka pumzi zikawa fupi, ndipo akavaa gauni juu yake. Akipita karakana alijitahidi kutazama mbele, lakini macho yalimponyoka kila mara. Siku moja alimkuta Leodgar ameshika spana, anatazama ukutani.

"Unamtazama," alisema.

"Namtazama nani?"

"Huyo wako."

"Mama Diana, hiyo ni karatasi."

"Basi ibandue."

Leodgar alidhani ni utani, hakuibandua.

Wiki haikwisha Rozalia akaanguka kwenye chanja cha kuanikia dagaa akiwa na gunia begani. Wenzake walipomfungua gauni apate hewa wakakikuta kile kitambaa, na michirizi myekundu imemzunguka mwili. Leodgar aliitwa akaja mbio, mikono ina grisi. Alikifungua kitambaa mwenyewe, polepole, wala hakuuliza cha nini. Jioni ile ukuta wa karakana ulikuwa mtupu.

Hilo halikumtosha Rozalia. Alipopata nguvu alikwenda Kasingirima.

"Shikamoo, mama," Heritier alisema, akishuka kwenye ngazi.

"Marahaba. Ulipokuwa unachora, ulikuwa unamtazama nani?"

Kijana alielewa mara moja. Alifuta brashi kwa muda mrefu. "Sikumtazama mtu. Utotoni nilijifunza kwa kunakili katuni za nje. Majasiri wa kike wote wako vile. Mkono wangu unajichorea tu ule mwili, kisha naweka uso."

"Mwili ule ungemvuta yule mzee?"

"Hapana, mama. Ungevunjika."

"Basi njoo ufukweni uniangalie mimi."

Akaja. Alikaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa akamchora Rozalia akinyanyua magunia, akiinama, akiingia maji mpaka kiunoni. Mwisho alimwonyesha. Rozalia alitazama kwa muda. Mikono ilikuwa yake, mgongo wake, na tumbo nalo.

"Hapa," alisema kwa sauti ya chini, akigusa tumbo, "huwezi kupunguza kidogo?"

"Naweza. Nipunguze?"

Alifikiri. Alihisi wivu ungali unamchoma, na safari hii aibu imechanganyika humo. "Acha," alisema hatimaye. "Acha hivyo hivyo."

Toleo la pili lilitoka na jalada jipya. Vijana wengine walilalamika kwamba Roza amenenepa. Lakini Esther alipokiona kitabu alimwonyesha mwanawe akisema, "Huyu ndiye," jambo ambalo kwa kile cha kwanza hakulisema. Leodgar alitaka kubandika jalada hili nalo. Rozalia akamkatalia. Alimwambia akitaka kumtazama mkewe aje nyumbani mapema, na mara nyingi Leodgar alikuja.

Hata hivyo yule wa kwanza hakufa. Dereva mmoja wa bajaji amemchoresha nyuma ya chombo chake, mkubwa, kiuno chembamba vile vile. Rozalia anapokwenda Ujiji, bajaji hiyo ikisimama mbele yake, hapandi. Humwambia dereva apite tu, akabaki kungoja nyingine, hata kama mvua inanyesha.