Simu Ilipopita Pazia la Mboni

Mimi ni Nyakio, fundi wa cherehani. Meza yangu iko barazani, nje ya duka la nguo la Mboni hapa Bondeni, na asiyenijua hudhani nimeajiriwa. Sijaajiriwa. Yeye huuza dera, buibui na mitandio, mimi hupunguza urefu, basi.

Mboni ni mwoga, na simsengenyi, mwenyewe husema. Duka alirithi kwa mamake, na tangu siku hiyo anaogopa kuwa yeye ndiye atakayelifunga. Siku hizi woga huo umepata sababu. Mteja anaingia, anashika kitambaa, anauliza bei, halafu anatoa simu kulinganisha na maduka ya Nairobi yanayoleta mzigo hadi mlangoni. Anaondoka akisema atarudi. Atarudi wapi!

Najwa, binti wa kaka yake anayesoma chuo huko Njoro, ndiye aliyeleta dawa.

"Aunty, tutengeneze app. Mtu ako Kiamunyi kwa sofa, anabonyeza tu, boda inamfikishia."

"Na nikipoteza hata hiki kidogo nilicho nacho?"

"Ukikaa hivi utapoteza tu. Ni vile itakuwa polepole."

Neno hilo lilimwingia Mboni vibaya. Akauza bangili za mamake na app ikatengenezwa. Nilimwambia anacheza na moto, lakini nani humsikiliza fundi?

Sasa nieleze habari ya pazia. Nyuma ya duka kuna chumba kidogo chenye kioo kirefu, na juu yake bati la plastiki linaloleta mwanga mzuri. Humo wanawake huvua buibui, hujaribu nguo, hupiga soga. Sheria ni moja: mwanamume hapiti pazia. Ndiyo sababu wanawake wa mtaa walibaki na Mboni wengine walipohamia simu. Na ndiyo sababu Shukri, jirani yetu wa nyuma ya msikiti, alikuwa akivua mtandio mbele yetu bila wasiwasi. Dawa za saratani zimemmaliza nywele zote. Nje ya nyumba yake hakuna aliyejua, ila sisi wa nyuma ya pazia. Alitaka harusi ya bintiye ipite kwanza.

"Sitaki watu waache kumtazama bibi harusi wanitazame mimi kwa huruma," alituambia.

Najwa alipiga picha za nguo humo chumbani, kwa sababu ya ule mwanga. Shukri alikuwepo, akijaribu mitandio. Hakujifunika, na kwa nini ajifunike? Najwa ni mtoto wa kike, amemwona akikua. Hakuna kati yetu, mimi nikiwemo, aliyewaza kwamba kuna mwingine aliyeingia, na yuko mkononi mwa Najwa.

App ikashika. Ting, oda ya Molo. Ting, oda ya Sachangwan. Mboni akaanza kuimba akipanga nguo, na mimi nikaanza kuona haya kwa maneno yangu ya moto. Dera la rangi ya damu ya mzee ndilo lililopendwa kuliko yote. Siku moja nilitaka kulinganisha uzi na rangi yake, nikafungua picha kwenye simu yangu na kuivuta kwa vidole. Pembeni, ndani ya kioo, alikuwa Shukri. Kichwa wazi, na uso wake unaonekana vizuri kabisa.

Nikampelekea Mboni simu. Alitazama, akashika kaunta.

"Nyakio, wangapi wameona?"

Kila aliyenunua lile dera alikuwa ameitazama picha ile.

Najwa aliiondoa picha, tukimsikia akilia kwenye simu, akaweka nyingine. Lakini watu huhifadhi, na watu hutumiana. Kuanzia hapo Mboni hakutulia. Kivuli kikipita mlangoni, anashtuka. Shukri alikuwa aje Ijumaa kuchukua nguo za harusi.

"Niende nimwambie?" aliniuliza.

"Enda umwambie."

"Na kama hajaona?"

"Enda tu, Mboni. Asikie kwako."

Hakuenda. Nilimkasirikia sana, ingawa nami nilikuwa nikijidunga sindano vidoleni kwa hofu.

Ijumaa sala ikaisha, watu wakapita, Shukri hakutokea. Kisha simu ikalia, ting. Mboni aliigeuza kifudifudi kwenye kaunta, kwa hiyo nikaisoma mimi. Oda ya mitandio na dera la damu ya mzee. Jina, Shukri. Mahali, nyuma ya msikiti, ambapo ukisimama barazani kwangu unaona paa lake. Chini ameandika: "Boda aache kwa gate."

Mboni alifunga mzigo ule. Akaniomba nimsindikize, nikaacha cherehani ikiwa na kitambaa cha mtu. Tulipofika alibisha lango mwenyewe.

"Nani?"

"Ni mimi, dada Shukri. Mboni. Nimekuja kukuomba msamaha."

Tulisikia ndala zake zikija, zikasimama upande wa pili wa lango. Mboni aliweka kiganja kwenye chuma na kusubiri. Mimi nilikuwa nikiomba kimoyomoyo atukane, apige kelele, afanye lolote.

"Wakwe wa binti yangu wameshanitumia pole," akasema Shukri, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Na mimi niliagiza boda."

Ndala zikarudi ndani. Mboni akaweka mzigo chini, akaunyoosha vizuri, tukaondoka. Hatukuwa tumefika kona simu ikalia mkobani mwa Mboni, ting, na mwenyewe akaanza kukimbia, kana kwamba mlio ule unamfukuza.